Kazi Mpya kwa Mikono ya Zamani

  Mazungumzo yetu ya leo ni yenu hasa ninyi wazee. Lakini vijana msiondoke, kwa maana maneno haya yanawahusu pia, kama mtakavyoona.

Katika nyumba nyingi za kwetu kuna kiti kimoja kinachokaa karibu na mlango. Mwenye kiti hicho ni mama au baba aliyezeeka. Asubuhi husaidiwa kutoka nje apate jua, mchana huletewa chakula, na jioni husaidiwa kuingia ndani. Hakosi kitu. Blanketi analo, chai ya maziwa anapewa, wajukuu wanampigia kelele pembeni. Lakini ukimtazama usoni utamwona kama msafiri aliyefika stesheni mapema mno, ambaye hana la kufanya ila kungoja gari.

Sisi wenyewe tulimkalisha mama yetu katika kiti cha namna hiyo. Alikuwa mama wa shamba, na jioni alikuwa msusi wa vyondo. Basi vidole vyake vikaanza kuvimba kwa ugonjwa wa baridi yabisi. Sisi watoto wake tukakutana, tukakata shauri: Mama asishike tena jembe, wala kamba, wala sufuria. Tukamwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika." Twakiri kwamba tulisema hivyo kwa upendo. Lakini baada ya miezi michache Mama alianza kulala mchana kutwa. Kisha akaacha kuuliza habari za majirani. Mwisho akaacha hata kutugombeza. Hapo ndipo tulipoogopa.

Tutarudi kwa Mama baadaye. Kwanza twapenda kuwasimulia habari za mama mwingine, wa nchi ya mbali, ambaye mikono yake ilishikwa na ugonjwa huo huo.

Anna Mary Robertson alizaliwa tarehe 7 Septemba 1860 huko Greenwich, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, na watoto nyumbani walikuwa kumi. Alipokuwa mdogo, baba yao aliwanunulia karatasi ili wachore, naye Anna Mary akazipaka rangi kwa maji ya zabibu na ya matunda mengine. Lakini mchezo huo haukudumu. Alipofika umri wa miaka 12 alitoka kwao akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu, kupika na kufua na kushona. Alifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka 15.

Mwaka 1887 aliolewa na Thomas Salmon Moses, naye alikuwa mtu wa shamba. Wakaenda kusini, jimbo la Virginia, wakalima na kufuga. Mama huyo alitengeneza siagi akaiuza ili kuongeza pato la nyumba. Alizaa watoto kumi. Watano kati yao walikufa wakiwa wachanga. Ninyi akina mama mnaotusikiliza, twajua hamhitaji kuelezwa neno hilo. Mwaka 1905 walirudi jimbo la New York, wakanunua shamba mahali paitwapo Eagle Bridge. Mwaka 1927 mumewe akafariki.

Baada ya hapo, watoto wakiwa wamekua na shamba likiwa mikononi mwao, mama huyo alitafuta kazi ya mikono. Akaanza kutarizi picha kwa nyuzi za sufu: nyumba, miti, daraja. Aliwapa jamaa na marafiki. Lakini baridi yabisi ilimshika vidole hata sindano ikawa taabu kwake. Ndipo dada yake alipomshauri aiache sindano ajaribu brashi na rangi, kwa maana brashi ni rahisi zaidi kushika. Wakati huo alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 70.

Angalieni hapo, wapendwa. Ugonjwa ulifunga mlango mmoja. Dada yake hakumwambia, "Basi, kaa sasa ungoje." Alimwonyesha mlango mwingine uliokuwa karibu.

Mama huyo alipeleka picha zake kwenye maonyesho ya kilimo ya kwao, pamoja na jemu aliyoipika mwenyewe. Jemu ilipata zawadi; picha hazikupata kitu. Hakukasirika, aliendelea kuchora. Baadaye picha zake chache ziliwekwa katika dirisha la duka la dawa katika mji mdogo wa Hoosick Falls. Mwaka 1938 alipita hapo mtu mmoja jina lake Louis Caldor, aliyependa kukusanya kazi za sanaa. Picha ndogo zilikuwa za dola 3, kubwa dola 5. Akazinunua zote, kisha akaulizia anakokaa mchoraji.

Alipofika, mama hakuwapo. Mke wa mwanawe, akitaka mgeni asiende zake moja kwa moja, akamwambia kwamba nyumbani kuna picha kumi, arudi kesho. Usiku mama alipopata habari alizitafuta picha akakuta ni tisa tu. Basi akaichukua moja iliyokuwa kubwa, akaikata katikati, zikawa kumi. Alikuwa mama wa shamba, amezoea kukigawanya kidogo kilichopo kiwatoshe wote.

Mwaka 1939 picha zake tatu ziliwekwa katika jumba la Museum of Modern Art jijini New York. Mwezi wa Oktoba 1940 yakafanyika maonyesho ya picha zake peke yake katika jiji hilo hilo. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 80. Tangu hapo watu wakamwita Grandma Moses, yaani Nyanya Moses, na kadi zenye picha zake zikaenda nchi nyingi. Mwaka 1949 Rais Truman alimkabidhi tuzo huko Washington. Lakini yeye alirudi Eagle Bridge akaendelea na kazi. Aliwahi kusema kwamba kama asingalichora, angalifuga kuku. Neno hilo lilitufurahisha sana, maana laonyesha kwamba kwake jambo kubwa halikuwa sifa. Jambo kubwa lilikuwa kuamka asubuhi na kuwa na kazi inayomngoja.

Aliendelea kuchora hata baada ya kutimiza miaka 100. Picha yake ya mwisho, ya mwaka 1961, inaonyesha watu wakiwa shambani chini ya upinde wa mvua. Alifariki tarehe 13 Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 101, ameacha picha zaidi ya elfu moja.

Sasa mtu aweza kuuliza: Yawezekanaje mtu asiyesoma shule ya uchoraji, na ambaye vidole vyake vinauma, aanze akiwa mzee na kufika hapo? Twaona jibu limo katika mambo yenyewe aliyoyachora.

Hakuchora mambo ya kubuni. Alichora watu wakikusanya utomvu mtamu wa miti wakati wa theluji ili kuuchemsha uwe sukari. Alichora kondoo wakioshwa kabla ya kukatwa manyoya, sabuni na mishumaa ikitengenezwa nyumbani, harusi ya kijijini, watu wakimkimbiza bata mzinga wa sikukuu. Hayo yote alikuwa ameyafanya au ameyaona kwa macho yake. Na namna yake ya kuchora ilikuwa rahisi. Alichukua ubao mwembamba wa hadibodi, akaupaka rangi nyeupe mara tatu ili uwe safi. Akaulaza mezani kama mtu akandaye unga. Kisha alianza juu akishuka chini: kwanza mbingu, halafu milima, halafu vilima na miti, halafu nyumba, na mwisho kabisa ng'ombe na watu. Palipo theluji alinyunyizia unga unaometameta, kwa sababu, kama alivyoona mwenyewe, theluji kwenye jua humetameta.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kijana anayejifunza kuchora hujifunza mkono kwanza, kisha hutafuta la kusema. Mzee la kusema analo tayari; anachotafuta ni mkono tu. Miaka 70 ya kukamua, kufua, kulea na kuzika haikuwa hasara iliyomchelewesha Nyanya Moses. Ndiyo iliyokuwa ghala yake. Angalianza akiwa na miaka 20, angalichora nini? Yale mashamba yote yalikuwa bado mbele yake.

Jina la mume wake, Moses, ndilo tunalolisoma katika Biblia yetu kama Musa. Na katika Kutoka 7:7 twasoma kwamba Musa alikuwa mtu wa miaka 80 alipokwenda kusema na Farao, na Haruni ndugu yake alikuwa na miaka 83. Kabla ya hapo, kama Stefano anavyoeleza katika Matendo 7, Musa alikaa miaka 40 Midiani. Alikuwa akichunga kondoo wa mkwewe. Labda yeye mwenyewe alidhani miaka hiyo imepotea. Lakini jangwa alilolichungia kondoo ndilo jangwa alilokuja kuwapitisha watu wa Mungu. Mungu hakumpa kazi mpya iliyokuwa ngeni kabisa na maisha yake. Alizitumia njia alizokuwa amekwisha kuzikanyaga.

Tena, wapendwa, tusidhani kwamba kazi ya mikono na rangi ni jambo dogo lisilomhusu Mungu. Someni Kutoka 31 habari za Bezaleli. Mungu alimjaza Roho yake, na kusudi lililotajwa hapo ni ustadi wa kazi: dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Katika sura ya 35 twaona ya kwamba hata wanawake wenye ujuzi walileta nyuzi walizozisokota kwa mikono yao, za buluu, za zambarau na nyekundu. Rangi hizo ziliwekwa nyumbani mwa Bwana.

Pengine mzee mmoja anasema moyoni, "Basi mimi nimeizika talanta yangu kama yule mtumwa katika Mathayo 25, na sasa nitahukumiwa." La, usijihukumu upesi. Yule mtumwa aliizika talanta kwa uvivu na hofu, akakaa bure. Wewe ulikuwa unalima. Ulikuwa unalipa karo ya watoto wako, na pengine ya watoto wa ndugu yako. Kipawa chako hakikuzikwa. Kilikaa kando kikingoja zamu yake. Swali ni moja tu: Je, sasa zamu yake imefika?

Wala tusidhani haya ni ya Marekani tu. Hapa kwetu Kenya alikuwako mama Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, na kati ya mwaka 1950 na 1952 alisomea sanaa huko Makerere, Uganda, akiwa mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa. Kisha akawa mwalimu, akalea watoto wake, na kwa miaka mingi sanaa yake mwenyewe ikawa kando. Alipoirudia kwa nguvu zote alikuwa anakaribia miaka 60, amekwisha kustaafu. Vifaa vya uchoraji vilikuwa ghali. Basi akachukua karatasi za kufungia sabuni na pakiti za unga, zile ambazo sisi huwashia moto, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika kwa gundi hata vikawa picha za wanyama na za watu wa mashambani. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum in Harlem, jijini New York. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 92. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Sina pesa za rangi." Tazama kwanza kilichomo katika pipa la takataka jikoni mwako.

Kama kuna mzee au mama anayetaka kujaribu, twampa mashauri machache.

Kwanza, anza na vitu vilivyomo nyumbani: penseli, daftari la shule, kipande cha makaa. Ukitaka rangi, tumia rangi za maji wanazotumia watoto wa shule. Hukauka upesi na huoshwa kwa maji matupu. Rangi za mafuta ziache kwanza, kwa kuwa hukauka polepole na zahitaji tapentaini yenye harufu kali.

Pili, ukiwa na maumivu ya vidole, zungushia mpini wa brashi kitambaa au kipande cha sponji uwe mnene, usilazimike kuubana sana. Chora kwa muda mfupi, kisha upumzike kabla maumivu hayajaanza.

Tatu, keti karibu na dirisha au mlango. Kama watumia mkono wa kulia, mwanga na utoke kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi yako.

Nne, usitafute jambo kubwa. Chora kitu kimoja unachokijua kabisa: mlango wa jiko la mama yako, mti uliokuwa njia panda, ng'ombe mliyemwita kwa jina. Anza na mbingu kama Nyanya Moses, ushuke polepole.

Nanyi vijana, mkimkuta nyanya au babu amechora, msicheke. Wala msimsifu kwa uongo kama mnavyomsifu mtoto mchanga, maana mzee hujua mara moja. Kaeni karibu naye mkaulize, "Hapa ni wapi?" Hilo swali lina thamani kuliko sifa zote. Sisi twalijua kwa sababu lilitokea kwetu.

Sasa twarudi kwa mama yetu, kama tulivyoahidi. Siku moja ya likizo mjukuu wake aliacha daftari na rangi za krayoni kando ya kile kiti. Jioni tulikuta ukurasa mzima umechorwa. Sisi tuliona duara tu, na mistari, na alama nyekundu kando ya mstari mmoja. Tulitaka kulifunga daftari tukimwambia mtoto aweke vitu vyake vizuri. Lakini mmoja wetu akauliza, "Mama, hapa ni wapi?"

Akasema, "Ni kwa baba yangu."

Akatuonyesha: hii ndiyo nyumba ya mama yake, hili ndilo zizi la mbuzi, hii ndiyo njia ya kwenda mtoni. Tukamwuliza ile alama nyekundu ni nini. Akanyamaza kidogo. Kisha akatuambia kwamba alikuwa na ndugu mdogo, aliyezama pale mtoni wakati wa mvua, akiwa hajaanza hata shule. Wapendwa, sisi ni watu wazima wenye watoto, na tulikuwa hatujapata kusikia kwamba tulikuwa na mjomba huyo. Mama alikuwa amemchukua moyoni miaka yote hiyo, akilima naye na kusuka naye vyondo. Kama angaliendelea kukaa kwenye kile kiti kwa amani tuliyompa sisi, angalikwenda naye kaburini, na jina la mtoto yule lingalikoma duniani.

Tangu siku ile Mama alijaza madaftari matatu. Hazikuwa picha za kuwekwa katika jumba lolote. Lakini aliacha kulala mchana, akaanza tena kuuliza habari za majirani, na akatugombeza vikali kwamba rangi nyekundu imekwisha na hakuna anayemnunulia nyingine. Tulifurahi kugombezwa! Sasa amekwisha kwenda kwa Bwana, na madaftari yale tunayo. Wajukuu wanayafungua, nao waijua njia ya kwenda mtoni.

Basi, mzee wetu, usiseme siku zako zimekwisha wakati pumzi bado unayo. Zaburi ya 92 yasema juu ya wenye haki kwamba hata uzeeni bado watazaa matunda. Nasi watoto, kabla ya kumwambia mzazi apumzike, tumwulize kwanza kama amechoka. Tukimwondolea jembe kwa sababu mikono inauma, tumpe kitu kingine cha kushika.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyezifanya rangi zote, twakushukuru kwa ajili ya wazee wetu na kwa yote waliyoyaona. Wape mikono yao kazi inayowafaa. Nasi utupe subira ya kukaa karibu nao na kuuliza. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.